Kurasa nne zilizobanwa pini: mapenzi katika hadithi zisizo za mapenzi

Baada ya swala ya Ijumaa mzazi mmoja wa Mwisenge, hapa Musoma, alitufuata akiwa na riwaya ya kijasusi mkononi. Jalada lilikuwa limechakaa na kushikizwa kwa gundi, na katikati ya kitabu kurasa nne zilikuwa zimebanwa pamoja kwa pini za stepla, juu, chini na ubavuni. Aliyezibana ni yeye. Kitabu chenyewe mwanawe wa kidato cha pili alikiazima kwa mwenzake. Baba alikipitia usiku, akamkuta jasusi anafukuzwa, anapigana, anaiokoa nchi yake. Kisha, katikati ya mbio zote hizo, anaingia chumba cha hoteli na mwanamke aliyemfahamu saa chache tu zilizopita, na mwandishi anaingia nao. Kumnyang'anya mtoto kitabu hakutaka, maana ni mtoto ambaye hushika kitabu kwa nadra. Basi akazibana zile kurasa, na sasa alitaka kujua kama alifanya sawa.

Tulipoziangalia pini zile tuliona kwamba karatasi ina matundu mengi kuliko pini. Zilikwisha kung'olewa na kurudishwa, na si kwa mkono wa baba.

Hatukumjibu siku ile, kwa kuwa swali lake lilikuwa kubwa kuliko kurasa nne. Kitabu cha mapenzi hujitangaza kwa jalada lake, na mzazi hujua ameruhusu nini au amekataza nini. Lakini riwaya ya upelelezi, hadithi ya vita, gemu ya magari na bunduki, hivi huingia nyumbani kwa jina jingine. Mambo ya chumbani yamo ndani yake kama abiria asiyeandikwa katika orodha. Je, yana nafasi humo? Na kama yana nafasi, ni ipi?

Swali hili si geni katika umma wetu. Al-Shahrastani, mwanazuoni wa madhehebu na makundi aliyefariki mwaka 548 Hijria (1153), amepokea habari kwamba katika Khawarij lilikuwapo kundi lililoitwa Ajarida, ambalo lilikataa kuwa Surat Yusuf ni sehemu ya Qur'ani. Hoja yao ilikuwa kwamba kisa cha mapenzi hakiwezi kuwa maneno ya Mwenyezi Mungu. Umma haukuwafuata. Lakini inafaa tuwatazame kidogo watu wale kabla ya kuwapita, kwa sababu hawakuwa watu wa anasa. Walikuwa wakali wa dini, na ukali wao ndio uliowafikisha mahali pa kutaka kubana pini Kitabu cha Allah.

Tuirejee basi sura yenyewe. Ina aya 111, na Allah (s.w) ameisifu kuwa ni katika masimulizi yaliyo mazuri kabisa. Si kisa cha mapenzi. Ni kisa cha husuda ya ndugu, cha subira ya mzazi, cha ndoto na njaa na uendeshaji wa hazina ya nchi. Hata hivyo, kuanzia aya ya 23 yumo mwanamke anayemtaka Nabii Yusuf (a.s) kinyume cha nafsi yake. Jinsi jambo hilo linavyosimuliwa ndiyo darasa letu. Mwanamke hatajwi jina. Uso wake hauelezwi, wala mavazi yake, wala chumba. Tunaambiwa milango ilifungwa, mwito ukatolewa, na kijana akajikinga kwa Mola wake. Kisha mbio za kuelekea mlangoni, kanzu inachanika, mume yuko pale, na mtu wa jamaa za mwanamke mwenyewe anatoa kipimo cha ushahidi: ikiwa kanzu imechanwa mbele, basi mwanamke kasema kweli; ikiwa imechanwa nyuma, basi kijana ndiye mkweli. Karne nyingi kabla ya wapelelezi wa riwaya kuzaliwa, ushahidi wa nguo ulikwisha kutolewa.

Sasa tujaribu kukiondoa kisa kile ndani ya sura. Yusuf (a.s) anaingiaje gerezani? Na bila gereza hakuna wafungwa wawili wa kutafsiriwa ndoto, hakuna wa kumkumbuka mbele ya mfalme, hakuna ghala za nafaka, na Nabii Yaaqub (a.s) hamkumbatii mwanawe Misri. Nyumba nzima inaanguka. Tena jambo lile lina gharama: kijana analilipa kwa miaka ya kifungo, na mwanamke analilipa kwa kukiri hadharani, katika aya ya 51. Matamanio yametajwa, yakatajwa kwa sitara, na yamedaiwa malipo.

Ustadh mmoja anayesomesha madrasa Nyasho, tulipomshirikisha mazungumzo haya, alitukumbusha Surat Al-Israa, aya ya 32, ambamo hatukukatazwa zinaa peke yake bali tumekatazwa hata kuikaribia. Kwa rai yake, maelezo ya chumbani katika riwaya ni namna ya kukaribia, na kisa cha Nabii Yusuf (a.s) hakiwezi kufanywa kibali. Hapa tuko pamoja naye. Maelezo yaliyoandikwa ili kuamsha matamanio ya msomaji hayatakasiki kwa kuwekwa ndani ya hadithi ya ukombozi wa Afrika. Tunapotofautiana naye ni pale anapoona dawa ni kimya. Sura yenyewe haikunyamaza.

Na fasihi yetu ya Kiswahili haikuanza kwa kunyamaza wala kwa kufunua. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alitupa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake mdomoni, katika Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapishwa mwaka 1960. Vikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, na hata kimoja chenye jina la kumshtua mzazi, Mke Mmoja Waume Watatu, cha mwaka 1975. Hivi ni vitabu vya mauaji na mafumbo. Lakini fumbo ndani yake mara nyingi limefungwa katika nasaba, ndoa na mirathi: nani ni mtoto wa nani, nani alificha nini, nani atarithi. Ukiyaondoa mambo ya mume na mke, Bwana Msa hana kazi. Ila mpelelezi huyu husimama barazani, huuliza, husikiliza, huvuta kiko chake, na chumbani mwa watu hatupeleki. Msomaji huelewa kilichotokea kwa sababu anaona kilichobaki baada yake: mtoto, wosia, maiti. Tunadhani wengi wa wasomaji wetu wenye umri wa babu walivisoma vitabu hivi mbele ya wazazi wao bila kuvificha chini ya mto.

Kipimo cha kuondoa na kutazama, hata hivyo, hakitoshi peke yake. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyeanza shule hapa hapa Mwisenge, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na ya kwanza, ya mwaka 1963, ni ile ya Juliasi Kaizari. Hiyo ni hadithi ya njama na kisu. Lakini usiku wa kuamkia mauaji, Portia, mke wa Brutus, anamsihi mumewe amshirikishe siri inayomnyima usingizi, na anamwonyesha jeraha alilojitia mwenyewe pajani ili ajue kwamba mkewe anaweza kustahimili. Ukimwondoa Portia, Kaizari atauawa vile vile. Tutakachokosa ni kujua kwamba njama ile ilikwisha kuvunja nyumba moja kabla haijamgusa mtawala. Basi mapenzi yanaweza kuwa na haki ya kuwamo hata pale ambapo hadithi ingesimama bila yao, endapo yanatuonyesha mambo makubwa ya dunia yanadai nini kwa watu wa ndani. Na haya ni mapenzi ya mume na mkewe. Tutayarudia.

Tuje kwa majasusi wenyewe. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mwaka 1974, kisha Kikosi cha Kisasi na Njama. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango, na pembeni yake msichana mrembo aitwaye Nuru. Hatutaki kuwavunjia heshima waandishi hawa, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Waliwafanya vijana wasome. Walikipa Kiswahili mwendo wa kasi, na walimfanya kijana wa Bunda au Tarime ajione anahusika na vita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Lakini walirithi mtindo wa kizungu wa James Bond, na katika mtindo huo mwanamke ni sehemu ya vifaa vya shujaa, pamoja na bastola na gari. Anaingia, anasifiwa umbo, anatumika, anaondoka au anauawa. Mlango ukifungwa, hadithi inasimama. Ukifunguliwa, inaendelea pale pale ilipoachwa. Hakuna mimba, hakuna aibu, hakuna mama mkwe. Bond mwenyewe alioa mara moja tu, katika kitabu cha mwaka 1963, na mwandishi akamwua bibi harusi siku ile ile. Mke angeharibu biashara.

Hapo ndipo lilipo tatizo letu na zile kurasa nne. Zinaa imetajwa na Qur'ani, imetajwa na vitabu vya fiqhi, na inatajwa mbele ya kadhi. Kinachotutia hofu ni zinaa isiyo na bei, inayomfikia mtoto wa miaka 14 kama maji ya kunywa njiani, ndani ya kitabu ambacho katika kila jambo jingine kinamfundisha ujasiri, na kinamfundisha kwa ufundi mzuri kiasi kwamba anaamini na hayo mengine.

Na jamii yetu imewahi kulipima jambo hili kinyume. Kutoka Kisorya, wilayani Bunda, kivuko kinakupeleka Rugezi, kisiwani Ukerewe. Huko, katika kijiji cha Namagondo, alizaliwa mwaka 1944 Euphrase Kezilahabi, ambaye mwaka 1971 alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Ni kitabu cha mazingira ya Kikristo, lakini baba aliyemo tunamfahamu sote. Zakaria ni mlevi, na ni mkali kwa binti zake katika jambo moja tu: wavulana. Barua ya mvulana inamletea Rosa kipigo. Hakuna mtu anayeketi naye kumweleza chochote. Anapelekwa shule ya bweni akiwa na hofu tu, na hofu ilipomwisha hakubakiwa na kitu kingine cha kumshika. Anaanguka, anatumiwa na wanaume wenye vyeo, anatoa mimba, na mwisho wake ni kujiua. Kitabu hiki kilipigwa marufuku mashuleni. Baadaye ndipo kilipokubaliwa na kuwa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa sekondari.

Tukilitafakari hilo tunapata uchungu. Kitabu ambacho ndani yake zinaa inalipwa hadi senti ya mwisho, na ambacho kinamshitaki mzazi mkali asiyefundisha, ndicho kilichofungiwa. Vile ambamo zinaa haigharimu kitu vilipita mikononi mwa vijana kwa kuwa vilikuwa vya majasusi, na jasusi si mtu wa mapenzi. Kwa msichana wa madrasa ya Iringo anayekaribia kwenda bweni, tungechagua asome kipi, akiwa na mama yake kando? Kwetu sisi jibu ni jepesi, ingawa tunajua yako maeneo katika Rosa Mistika ambayo mama atayasoma kwa kukohoa.

Mwezi Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuvipiga marufuku mashuleni vitabu 16 kwa kukiuka maadili, vikiwamo vya mfululizo wa vichekesho uitwao Diary of a Wimpy Kid. Hatuna ugomvi na serikali kulinda shule. Shule ni amana. Ila marufuku hukoma kwenye ukuta wa shule, na kitabu cha kuazimana hakipiti langoni kwa mlinzi.

Ukerewe hiyo hiyo imetupa na kitabu cha upande wa pili. Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe, mwaka 1945, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ni kitabu cha kilimo, uvuvi, pombe ya kienyeji, dawa na desturi za wazee. Lakini kinachokivuta mbele ni mume na mke wasiojaaliwa mtoto, ndugu wa mume wanaoshauri aoe mwingine, wakwe wanaomchukua binti yao, na mwanamume anayefunga safari kwenda kumrudisha kwa sababu anampenda. Hayo ni mapenzi ndani ya hadithi isiyo ya mapenzi, na ni mapenzi yenye ndoa. Tukitazama rafu za riwaya zetu za kusisimua, tunaona kwamba mapenzi ya haramu yana kurasa nyingi, na mapenzi ya halali, yale ya mtu na mkewe wanaongoja mvua pamoja, karibu hayamo. Waandishi Waislamu wa mkoa huu wangetufaa sana hapa.

Umebaki upande wa gemu, na hapa wazazi wengi tuko gizani kuliko kwenye vitabu. Kitabu unaweza kukifungua. Gemu lazima uicheze. Katika vibanda vya mitaani na katika simu, vijana wetu hucheza zaidi mpira, na katika gemu za mpira hakuna mapenzi, na hakuna anayelalamika kwamba yamekosekana. Lakini ipo GTA, hasa ile ya San Andreas iliyotoka mwaka 2004. Hadithi yake ni ya kijana anayerudi mtaani kwao baada ya mama yake kuuawa, akakuta magenge na polisi wafisadi. Ndani yake wamo wapenzi sita anaoweza kuwapata. Kila mmoja ana kipimo cha asilimia. Unampeleka kula, unampa maua, asilimia inapanda. Mmoja ni muuguzi: ukifanikiwa naye, hospitali haikutozi fedha wala kukupokonya silaha. Mchezaji anaweza kuimaliza hadithi bila kujishughulisha na wengi wao. Kwa kipimo chetu cha mwanzo, hawana haja ya kuwamo.

Mwaka 2005 iligundulika kwamba ndani ya gemu hiyo mlikuwa na tendo la chumbani ambalo watengenezaji walilifungia bila kulifuta, na mtu mwenye ujuzi wa kompyuta akalifungua. Ghasia zikatokea Marekani. Mwezi Julai mwaka ule alama ya umri ikapandishwa kutoka miaka 17 hadi watu wazima tu, maduka makubwa yakaiondoa, na toleo jipya likatengenezwa bila tendo lile. Kila mtu akaona haki imetendeka. Lakini zile asilimia hazikuguswa. Tendo lililokuwa limefichwa liliondolewa; somo la kwamba mwanamke ni akaunti unayoijaza zawadi hadi itoe faida likabaki pale pale, na ndilo lililofika kwetu. Hata ile alama ya umri haikufika, maana diski za kunakili huja bila kasha, na kasha ndilo linaloandikwa miaka.

Ipo tofauti nyingine ambayo tungependa walimu wetu wa madrasa waifikirie. Msomaji anaambiwa kwamba jasusi aliingia chumbani. Mchezaji anabonyeza mwenyewe. Ni kidole chake kilichochagua maua, ni yeye aliyesubiri asilimia ipande, ni yeye aliyefurahi ilipofika mia. Hatusemi kwamba ni dhambi sawa na ya kweli. Hukumu hiyo tunawaachia wenye elimu. Tunasema tu kwamba mkono umefanya mazoezi, na binti wa jirani hajui kwamba anahesabiwa.

Kwa yule mzazi wa Mwisenge tulirudi Ijumaa iliyofuata. Tulimwambia ang'oe pini. Matundu yalikwisha kutueleza kwamba kurasa zile ndizo kijana alizozisoma kwa makini kuliko zote, na kwamba alizisoma peke yake. Tulimshauri akisome kitabu chote mpaka mwisho, kisha amwulize mwanawe swali moja tu, bila fimbo na bila hotuba: yule mwanamke wa hotelini aliishia wapi?

Ilimchukua siku tisa kumaliza, kwa sababu ni mtu wa biashara ya dagaa na usiku wake si wake. Kijana, alipoulizwa, alinyamaza kwanza kwa aibu ya kugundulika. Kisha akasema hakumbuki. Wakakaa wote wawili na taa, baada ya Isha, wakapekua ukurasa mmoja baada ya mwingine kuanzia pale chumbani. Jasusi walimkuta kila mahali: ndani ya ndege, ndani ya gari, mbele ya mkuu wake akipongezwa. Mwanamke walimkuta mara moja tu, kurasa kumi mbele, amelala amekufa katika sentensi moja. Jina lake mwandishi hakulitaja tena. Baba anasema kijana alirudi nyuma kulitafuta jina hilo, kwa kuwa alikuwa amelisahau.